Joka Letu Halitemi Moto

Shule zikifungwa nyumba za mjini hugeuka uwanja wa vita. Kijana amejikunyata kwenye kochi na simu ya babake mkononi, vidole vinakwenda mbio, na ukimwuliza anafanya nini atakujibu bila kuinua macho kwamba anaua joka. Mwulize basi ni joka gani. Hapo ndipo utakapong'amua kwamba mwanao huyo, aliyekwama alipoulizwa mito mitano ya Kenya katika mtihani, anaweza kukuhesabia majoka kumi bila kupumua. Jekundu hutema moto. La buluu hurusha radi, la kijani hupumua sumu, jeusi hutema tindikali na jeupe hupuliza baridi ya kugandisha damu. Kisha yako ya madini, ya dhahabu, ya fedha, ya shaba na mengineyo, ambayo aghalabu yana tabia njema na husemezana na binadamu.

Elimu hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ina wenyewe. Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha mchezo walioupa jina Dungeons & Dragons, mchezo wa kukaa mezani kwa karatasi, penseli na dadu. Ndani yake wakayagawa majoka kwa rangi, kila moja na silaha yake na kiburi chake, na katika miaka iliyofuata yakaongezwa mengine hadi yakawa ukoo mzima wenye historia, vita na malkia. Malkia mwenyewe ana vichwa vitano na jina lake ni Tiamat, jina lililoazimwa kutoka Babeli ya kale ambako Tiamat alikuwa mungu wa kike wa bahari ya chumvi. Michezo mingi ya kompyuta unayoiona leo imekunywa katika kisima hicho hicho.

Mimi sina ugomvi na mchezo. Mtoto anayekariri koo za majoka angalau anakariri kitu, na huenda kesho akakariri koo za mimea akawa daktari. Ninachokiuliza ni hiki: iwapo mtoto huyo nyumbani kwao ni Rongo, na kila Desemba husafirishwa kwa basi hadi kwa nyanyake, imekuwaje awajue majoka wa Wamarekani na asimjue hata mmoja wa kwao? Maana majoka ya upande ule yalikuwa yamekwisha kupigwa chapa kitabuni miaka 64 kabla ya Gygax na mwenzake kutupa dadu yao ya kwanza sokoni.

Kwa wasiokujua, Rongo ni mji ulio katika barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori, katika nchi ya Kamagambo, mahali ambapo miwa imetawala macho kila upande. Hapo si mbali na mto Kuja, ambao ndugu zetu Abagusii walioko juu mlimani huuita Gucha. Mto huo huteremka, ukakutana na mto Migori, kisha maji yote hayo huingia Ziwa Viktoria, Nam Lolwe. Weka mito hiyo miwili akilini.

Mnamo 1910 Mmarekani mmoja, mfugaji na mwandishi aitwaye Edgar Beecher Bronson, alitoa kitabu kuhusu safari zake za uwindaji katika nchi yetu. Kitabu kiliitwa In Closed Territory. Humo ameandika masimulizi aliyopewa na mwindaji mwingine, John Alfred Jordan, mtu aliyekuwa akizunguka na bunduki yake katika sehemu hizo za magharibi. Jordan alidai kwamba alipokuwa kwenye ukingo wa mto Migori, ambao Bronson aliuandika Maggori, wenyeji waliofuatana naye walikuja mbio wakamwita akaone ajabu. Akaona mnyama ameelea katikati ya maji yaendayo kasi, kichwa amekielekeza juu ya mto, naye hachukuliwi na mkondo kwa kuwa alikuwa akiupunga mkia wake mpana polepole, kwa uvivu, kama mtu anayejipepea kibarazani.

Urefu wake, kwa kauli ya Jordan, ulipata futi 14 au 15. Kichwa kikubwa kama cha simba jike. Meno mawili meupe yamechomoza kutoka taya la juu yakielekea chini. Mgongo mpana kama wa kiboko, lakini umefunikwa kwa magamba, na juu ya magamba madoadoa ya chui. Mwindaji akalenga, akafyatua. Mnyama akaruka juu kutoka majini, na Jordan, ambaye alikuwa amezoea kuwakabili ndovu, akatimua mbio pamoja na watu wake. Waliporudi hawakukuta kitu isipokuwa nyayo zenye kucha kwenye matope. Jina alilolipata kwa wenzake ni dingonek.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1913, habari hizo zilitua mbele ya mtu wa namna nyingine. Huyu alikuwa C. W. Hobley, afisa wa serikali ya kikoloni aliyekaa Nyanza kwa miaka mingi hata Wajaluo wakambandika jina Obilo. Hobley hakuwa mtu wa hadithi za kando ya moto. Alikuwa mwanachama wa jamii ya wachunguzi wa viumbe wa Afrika Mashariki, ile iliyoanzishwa 1909 na ambayo juhudi zake ndizo zilizozaa Makumbusho ya Kitaifa Nairobi. Katika jarida la jamii hiyo aliandika makala kuhusu wanyama wasiotambulika, akaiweka dingonek humo pamoja na ushahidi mwingine aliouokota upande wa mto Mara: mnyama aliyeonekana wakati wa mafuriko akielea juu ya gogo, ana magamba na madoa ya chui, na kichwa kama cha fisi-maji.

Sasa tupime. Hapana ngozi iliyopelekwa makumbusho, wala jino, wala mfupa. Pana neno la mwindaji aliyemsimulia mwindaji mwenzake, nawe msomaji unajua samaki aliyeponyoka huwa na urefu gani. Hata hivyo hebu mtazame mnyama huyo tena kiungo kwa kiungo. Magamba ya mgongoni yapo kwa kakakuona. Mkia wa kupiga maji anao mamba, anao na kenge, ambaye katika mito yetu huweza kupita futi sita. Mgongo mpana ni wa kiboko, kichwa ni cha fisi-maji, madoa ni ya chui anayeshuka kunywa maji jioni. Hakuna kiungo hata kimoja cha dingonek ambacho mkazi wa ukingo wa Migori hakukijua. Joka la mto Migori limeshonwa kwa vitambaa vya hapo hapo, na maoni yangu ni kwamba Jordan aliona mnyama wa kweli kwa nusu dakika, hofu ikamalizia sehemu zilizobaki.

Mto humwaga ziwani, nalo ziwa lina lake. Waganda walimwita lukwata, joka la majini lililosemekana hupigana na mamba, na sifa zake zilijulikana na mabaharia wa mitumbwi kuanzia Entebbe hadi ghuba ya kwetu. Katika makala yale yale Hobley aliandika kwamba Sir Clement Hill, mkubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza aliyetumwa kukagua nchi hizi, alikumbana nalo akiwa ndani ya boti karibu na mlima Homa. Kichwa cha mviringo juu ya shingo nyembamba kiliibuka, kikataka kumnyakua mtu aliyekuwa ameketi gubetini. Hill alirudi kwao salama, na baadaye meli ya reli iliyohudumu katika ziwa hilo ikapewa jina lake, SS Clement Hill. Yule aliyeketi gubetini, aliyekuwa karibu kuliwa, jina lake halikuandikwa popote.

Lukwata ni nini? Chatu huogelea vizuri na akivuka ghuba huinua kichwa juu ya maji. Kamongo, yule samaki mwenye mapafu ambaye wapishi wa Kisumu wanamjua sana, hufikia mita mbili, na akitoka juu kuvuta pumzi huonyesha mgongo kama wa nyoka. Tena ziwa hilo huwa na siku ambapo wingu jeusi huteremsha mkono hadi majini na nguzo ya maji ikasimama ikizunguka, ikitembea, ikivuma. Aliyeiona akiwa katika mtumbwi mdogo hahitaji kufundishwa na mtu kwamba hilo ni joka.

Na wala usidhani majoka ya ghuba hiyo ni ya midomoni tu. Mwaka 2022 wataalamu wa visukuku walitangaza jamii ya mamba waliokwisha kutoweka ambao wamewaita Kinyang, jina ambalo kwa Kipokot ni mamba. Waliishi Afrika Mashariki kiasi cha miaka milioni 18 hadi milioni 15 iliyopita, walifikia futi 12, na mmoja wao amepewa jina la kisiwa cha Maboko, kilicho katika ghuba hiyo hiyo ya Winam. Futi 12, msomaji. Jordan alisema 14 au 15. Sisemi dingonek ni Kinyang, kwa sababu miaka milioni 15 si ya kuruka kama mtaro. Nasema tu kwamba nchi ile imezoea wanyama wa kadiri hiyo.

Hadi hapa tumewategemea wageni, na majoka yao yote wawili yanafanana kwa jambo moja: mzungu analiona, anashtuka, anatafuta bunduki. Joka la tatu halikumhitaji mwandishi kutoka nje wala halikutafutiwa bunduki. Toka Rongo upande gari lipitalo Kisii na Oyugis hadi Sondu. Ukivuka hapo umeingia Nyakach, nchi ya Omieri.

Omieri ni chatu. Kwa Kijaluo chatu ni ng'ielo, na ng'ielo wako wengi, lakini Omieri ni mmoja hata anapokuwa wengi. Chatu mkubwa akitokea Nyakach, akatulia karibu na makao ya watu bila kudhuru mtu, huambiwa ni Omieri amerudi. Kuja kwake ni dalili ya mvua na mavuno. Hapigwi mawe. Hupelekewa kuku au mbuzi, wazee humsemesha kwa heshima, na watoto hukanywa wasimchokoze. Mwaka 1987 Omieri wa zamani hizo aliunguzwa na moto. Habari zilipofika Nairobi wataalamu wa makumbusho waliingia kazini kumtibu, magazeti yakafuata, na nchi nzima ikawa inauliza hali ya nyoka kama inavyouliza hali ya mtu mashuhuri aliyelazwa. Alikufa. Kuna watu waliomlilia, na walipoona mvua imekawia walijua walichokuwa wakikisema.

Kisha mwaka 2003 chatu akaonekana tena Nyakach, naye alikuwa jike amelalia mayai. Watu walimiminika kumwona. Wako waliofurahi kwamba njaa imekwisha, wako wahubiri waliokemea kwamba nyoka ni nyoka tangu bustani ya Edeni, na wako waliotaka achukuliwe apelekwe mbali na watoto. Mjadala uliingia hadi makanisani na bungeni mwa vibaraza. Mimi katika mjadala ule niko upande wa wazee, na sababu yangu si ya imani.

Tazama wanavyotenda majirani. Huko Uhabeshi kuna kisa cha kale cha Arwe, nyoka mkubwa aliyetawala kama mfalme na kutoza watu kodi ya mifugo na ya wasichana, hadi shujaa alipomwua akashika kiti. Na binti wa shujaa huyo, husimuliwa, ndiye Makeda, Malkia wa Sheba. Ulaya wana Mtakatifu George na mkuki wake. Hiyo ndiyo njia iliyoingia katika simu ya mwanao: joka limelalia dhahabu, liue, chukua dhahabu. Wachina kwa upande wao wana joka linalokaa majini na mawinguni, linaleta mvua, nalo huombwa halipigwi. Na hapa kwetu Wakikuyu walikuwa na ndamathia, joka la majini ambalo liliingia katika masimulizi ya ituika, ile sherehe kubwa ya rika moja kukabidhi utawala kwa rika jingine. Ilisemekana unywele wa mkia wake lazima upatikane. Upatikane, yaani ung'olewe kwa werevu, na joka liachwe hai. Biblia ilipotafsiriwa kwa Kikuyu, joka la Ufunuo likapewa jina hilo hilo la ndamathia, na sifa yake ikaharibika tangu siku hiyo. Kwa tabia, basi, joka la Nyakach ni ndugu wa joka la China kuliko la Uingereza.

Sasa mwulize mtaalamu wa nyoka kwa nini Omieri hutulia. Chatu jike akishataga, anayazingira mayai yake kwa mwili wake na hasogei kirahisi hata umkaribie. Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini juu ya chatu wa huko, na kuchapishwa mwaka 2018, uligundua mambo ambayo mtungaji wa mchezo angeyaona ni chumvi. Mama huyo hubadilika rangi akawa mweusi katika msimu wa uzazi, ili anywe jua zaidi. Hutoka shimoni akajianika mpaka mwili ukapata moto, kisha akarudi kuyakumbatia mayai na kuyagawia joto hilo. Kwa muda wote huo, miezi miwili na zaidi, hali chochote. Na vitoto vikianguliwa hukaa navyo kama majuma mawili, vikilala usiku katika mikunjo yake. Kwa hiyo lipo joka jeusi la kweli, na lenye moto ndani yake, ila halitemi. Linalea.

Mvua nayo? Chatu hupenda pembe za mito na vinamasi. Ardhi inapolowa na mito ya Nyakach kufura, yeye huhama kutoka maficho yake na kusogea palipo pakavu, ambapo ndipo penye nyumba za watu. Mzee aliyesema Omieri akija mvua imekaribia alikuwa amesoma nchi yake vizuri kuliko wengi wetu tunavyosoma utabiri wa redioni.

Jambo hili lina uzito kwa Rongo kwa sababu ya miwa. Shamba la miwa huvuta panya na ndezi, nao ndezi humvuta chatu. Halafu unafika wakati wa kuvuna, na kuna mashamba ambayo huchomwa ili majani yapungue na wakataji wapite. Moto huwashwa pembeni ukakimbilia katikati. Ndezi ana miguu. Chatu aliyelalia mayai hana haraka, na kama ulivyoona, hayaachi. Aliyenusurika moto hukutana na panga nje ya shamba, kwa kuwa kijana aliyelishika panga hilo ameona majoka mengi katika maisha yake na yote yalikuwa ya kuua. Nyoka asiye na sumu, anayekula panya wanaotafuna miwa hiyo hiyo! Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumwua hivi hivi tu, lakini sheria haimo shambani saa ile. Sikatai kwamba chatu mkubwa aweza kumdhuru mtoto mdogo au kubeba mbuzi. Ndiyo maana waliokuwa wakiishi naye walikuwa na utaratibu: kaa mbali, zuia watoto na mifugo, waite wakubwa. Siku hizi wakubwa hao ni maafisa wa KWS, nao huja kumhamisha.

Basi Desemba ikifika na mwanao akashuka kituoni Rongo na simu yake mfukoni, usimpokonye. Mpe kazi. Amwulize dani wake, kabla ya kulala, ng'ielo wa mwisho alionekana wapi, mwaka gani, mvua ilinyesha au haikunyesha, na nani alisema aachwe. Ayaandike majibu yote kwa kalamu, na majina ya watu, kwa maana Hobley hayuko tena wa kuyaandika, na hata alipokuwapo hakumwuliza dani.